Beji ya babu wa Keya: pembe yenye namba 6 na kitambaa cha kichwa cha kifaru, maana yake nini?

Mjukuu wa Namtumbo

Wakuu habari za saa hizi. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya nembo za jeshi. Babu mzaa baba alikuwa Keya, yaani askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Mwingereza la huku Afrika Mashariki, enzi za vita ya pili ya dunia, alifariki mimi bado niko shule ya msingi kwa hiyo sikuwahi kumuuliza kitu chochote cha maana. Sasa bibi naye ametutoka mwaka huu, wakati wa kugawana vitu nikapewa kopo la biskuti ambalo ndani babu alikuwa anatunza vitu vyake vya jeshi.

Kuna beji ya shaba, umbo lake ni pembe ya kupulizia imejikunja, ina kamba mbili zinapanda juu zinakutana kwenye fundo, na katikati ya hizo kamba kuna namba 6. Kuna kipande cha kitambaa kina kichwa cha kifaru, kimeshonwa, pembeni bado kuna nyuzi kama kilibanduliwa kwenye shati. Na kuna medali ya nyota yenye ncha sita, utepe wake mwekundu katikati na pande zote mbili kuna bluu na rangi ya chungwa.

Maswali yangu: kwa nini pembe? Ile namba 6 ni ya nini? Na kwa nini kifaru wakati najua simba ndo mnyama wa jeshi kila mahali? Bibi alikuwa anasema babu alifika Burma (Myanmar ya leo). Picha nitaweka nikipata bando.

Mchora Nembo

Mkuu pole sana kwa msiba, na hongera kwa kupata kopo hilo maana familia nyingi hivi vitu vilishauzwa kwa kilo kwa wanunua vyuma chakavu.

Nianze na pembe maana hiyo ndo yenye historia ndefu. Mimi kazi yangu ni kuchora nembo za taasisi na mashindano ya mpira kwa hiyo haya mambo nayafuatilia sana. Hiyo pembe asili yake ni wawindaji wa misituni huko Ujerumani. Karne ya 18 majeshi ya Ulaya yalikuwa yanapigana kwa mistari mirefu, watu wamesimama bega kwa bega, na amri zinatolewa kwa ngoma. Sasa wakaanza kuajiri watu wa misitu na wawindaji, wenye shabaha, watangulie mbele ya mistari na kupigana wametawanyika, mmoja nyuma ya mti mwingine nyuma ya jiwe. Ngoma huwezi kukimbia nayo porini, inakupiga magoti, halafu wale watu walishazoea kuitana kwa pembe za kuwindia. Kwa hiyo pembe ikawa ndo chombo cha amri cha askari wepesi, na kutoka hapo ikawa alama yao.

Waingereza wakaichukua. Mwaka 1800 walianzisha kikosi cha majaribio cha watu wa bunduki za rifle, wakavaa kijani badala ya nyekundu ili wasionekane kirahisi, na mwaka 1814 ikatoka amri kwamba vikosi vya rifle na askari wepesi wavae kofiani pembe pamoja na namba ya kikosi chao. Sasa angalia beji ya babu yako: pembe, na namba. KAR ilipoanzishwa 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Nyasaland (Malawi ya leo), Uganda na Afrika Mashariki ya Mwingereza ikapewa jina la Rifles, na ukishapewa jina hilo pembe inakuja nayo. Kwa hiyo hapo kuna mwindaji wa msituni wa Ujerumani ametua kwenye kofia ya kijana wa Namtumbo, na njiani imepita miaka zaidi ya mia.

Zile kamba nazo zina kazi. Kwenye heraldi, yaani sanaa ya ngao na nembo, wanatofautisha pembe yenye kamba na pembe isiyo na kamba, na wanaangalia mdomo wa pembe umeelekea wapi. Mchoraji wa nembo hapewi picha anapewa maelezo ya maneno, na ukikosea upande umechora nembo ya watu wengine. Ndo maana nakuomba kwenye picha utuonyeshe mdomo wa pembe uko upande gani ukiwa umeishika inakutazama.

MwanaPate

Assalaam alaikum. Mimi napinga kidogo. Pembe si ya Ulaya peke yake. Huku kwetu pwani siwa ndio alama ya ufalme tangu zamani, siwa ya Pate ya pembe ya ndovu na siwa ya Lamu ya shaba, ilikuwa haipulizwi ila kwa idhini ya wenye mji, kwenye harusi za wakubwa na mambo mazito. Nadhani Mwingereza aliona pembe ina heshima huku ndipo akawapa askari.

Mchora Nembo

Waalaikum salaam ndugu yangu. Siwa naiheshimu sana na natamani siku moja nione taasisi yetu yoyote imeiweka kwenye nembo maana ni kitu kizuri mno kwa mchoraji. Lakini kwenye KAR haikutoka huko. Pembe hiyo hiyo ilikuwa inavaliwa na vikosi vya Uingereza huko kwao kabla hawajaleta askari mmoja Afrika Mashariki. Na umbo lenyewe linasema, siwa inapulizwa ubavuni, ina tundu pembeni, ni ndefu na imenyooka ikipinda kidogo tu. Hii ya kwenye beji ni fupi imejikunja, inaning'inia kwenye kamba, na inapulizwa ncha. Siwa ni ya mwenye mji, ile ya rifle ni ya mtu aliyejificha kwenye majani anasubiri amri. Maana zake ziko mbali kabisa.

Kizalendo_255

Samahani lakini mimi sielewi kwa nini tunashangilia hivi vitu. Hiyo ni alama ya mkoloni. Babu zetu walichukuliwa kwenda kupigania mfalme wasiyemjua, kwenye nchi wasiyoijua, dhidi ya watu ambao hawakuwahi kuwakosea. Kuna familia huku kwetu mtu aliondoka hajarudi mpaka leo na hakuna kaburi. Mimi ningekuwa na hiyo beji ningeitupa ziwani.

Mjukuu wa Namtumbo

Kaka nakuelewa na sibishi hilo la kuchukuliwa. Ila babu aliitunza mwenyewe kwa hiari yake mpaka anakufa, hakuna aliyemlazimisha, na kile kitambaa cha kifaru bibi alisema ndo alichokuwa anakitoa kuwaonyesha wenzake waliokuwa nao kule. Mimi nataka kujua alikuwa anaona nini pale.

Mchora Nembo

Hapo umegusa penyewe, na ngoja niseme kuhusu kifaru maana ndo kitu kinachonigusa kuliko pembe.

Kifaru ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yaani kundi kubwa la vikosi vingi pamoja, iliundwa 1943 ikaenda Burma. Hii beji ya kitambaa ya begani ni kitu tofauti na beji ya kofia. Beji ya kofia inasema wewe ni wa kikosi gani, ina ukoo, inarithiwa. Beji ya begani ilikuja kwenye vita kubwa kwa sababu ya kazi: kunakuwa na makumi ya maelfu ya watu na magari barabarani, anayeongoza msafara anataka aone kwa sekunde moja gari hili ni la divisheni gani bila kusoma maandishi, na adui akiokota karatasi asijue jina la divisheni. Kwa hiyo zilichorwa kuonekana haraka. Haya majukumu mawili usiyachanganye.

Sasa kwa nini kifaru na si simba. Fikiria koloni zenyewe. Kenya alama yake ilikuwa simba. Uganda korongo mwenye taji. Tanganyika kichwa cha twiga, kilikuwa mpaka kwenye bendera. Nyasaland chui. Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) tai wa samaki. Na Divisheni ya 11 ilikuwa na watu wa sehemu zote hizo tano kwa pamoja. Ungeweka simba ungekuwa umewapa Kenya, ungeweka twiga umewapa Tanganyika. Kifaru hakuwa wa koloni yoyote, na kila askari mle ndani alikuwa anamjua au amesikia habari zake kwao. Kwa maoni yangu kama mchoraji huo ni uchaguzi mzuri sana, na pia kichwa cha kifaru ukikichora kivuli kitupu bila hata jicho mtu anakitambua kutoka mbali kwa sababu ya zile pembe mbili puani. Jaribu kufanya hivyo na swala uone, utapata mbuzi.

Wenzetu wa Afrika Magharibi waliokuwa Burma wakati huohuo, Divisheni ya 81 walivaa buibui mweusi kwenye njano, ni yule Anansi wa hadithi za Waashanti, mjanja anayewashinda wakubwa kwa akili. Divisheni ya 82 walivaa mikuki miwili imepishana na kata ya mpagazi ya kichwani. Hii ya kata kila nikiifikiria inanisimamisha. Kule msituni gari hazipiti, chakula na risasi vilikuwa vinabebwa na watu kichwani, na mtu akaamua kitu cha mpagazi kiwekwe kwenye nembo sawa na silaha. Nembo ngapi za jeshi duniani zimempa mbeba mzigo nafasi hiyo? Kwa hiyo kaka Kizalendo pembe nakubaliana nawe ni ya ukoo wa mfalme, ila kifaru, buibui na kata ni vitu ambavyo waliovaa walivielewa bila kufundishwa.

Mstaafu wa Tabora

Wanangu nimewasoma. Mimi nilitumikia JWTZ muda mrefu, naongeza kidogo upande wa vyeo na kilichotokea baada ya uhuru.

Tepe za mkononi ni za Mwingereza, walizianza rasmi 1802, ncha inatazama chini. Mpaka leo moja ni koplo usu, mbili koplo, tatu sajini, huko kwao na huku kwetu. Kwa maofisa walitumia nyota, na nyota ile ya Mwingereza ukiitazama kwa karibu si nyota ya kawaida, ni nembo ya nishani yao moja ya kale inaitwa Bath, katikati ina taji tatu. Juu ya kapteni inakuja taji ya mfalme, ndiyo alama ya meja. Jenerali ana upanga na kirungu vimepishana.

Sasa mnaona tatizo. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961 lakini malkia alibaki mkuu wa nchi mpaka ilipokuwa jamhuri Desemba 1962. Jamhuri haiwezi kuwa na meja aliyevaa taji begani. Nchi zilizotoka kwa Mwingereza zikawa jamhuri zilikutana na jambo hilo, India waliondoa taji wakaweka simba wa Ashoka, kila mmoja akaweka alama ya dola yake palepale taji ilipokuwa. Yaani mfumo ukabaki uleule, mwenye mamlaka ndiye akabadilika, na anayejua kusoma mabega anaona hilo mara moja.

KAR ya sita na ya ishirini na sita zikawa Tanganyika Rifles, batalioni ya kwanza na ya pili. Ya kwanza Dar kambi ya Colito, ya pili huku Tabora kambi ya Kalewa. Majina yote mawili ni ya vita vya Keya, Colito ni Ethiopia 1941, Kalewa ni Burma. Januari 1964 kukatokea maasi, jeshi likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa JWTZ. Colito ikawa Lugalo, mahali ambapo Mkwawa aliwapiga Wajerumani wa kamanda Zelewski Agosti 1891. Huku kwetu ikawa Milambo, jina la mtemi Mirambo wa Wanyamwezi. Watu wanaangalia nembo za chuma tu, na mimi nasema jina la kambi ni nembo pia, kuruta anapopita getini kila asubuhi anasoma.

Mchora Nembo

Shikamoo mzee. Umenikumbusha kitu kingine. Baada ya uhuru Kenya wakabakiza simba wakawapa mikuki washike ngao, Uganda wakabakiza korongo wakamuongeza swala, sisi twiga hatukumuweka kwenye ngao kabisa, tukasimamisha bibi na bwana wakishika pembe za ndovu, miguuni karafuu na pamba, chini Kilimanjaro, ndani ya ngao mwenge, bendera, shoka, jembe, mkuki na mawimbi. Kwenye heraldi ya Ulaya wanaoshika ngao wengi ni wanyama, simba na farasi wa pembe moja na madudu mengine ya hadithi. Kuweka mtu na mkewe wa kawaida, wenye jembe na shoka kwenye ngao yao, ni kauli nzito ya kisiasa. Sijawahi kuona sehemu wanaifundisha vizuri shuleni na inaniuma.

3KR Nakuru

Mzee shikamoo, na wengine wote hamjambo. Niko Kenya. Nataka kuongeza kuhusu zile namba. Huku kwetu ukisikia 3KR na 5KR, hizo namba hazikutoka hewani, ni 3 KAR na 5 KAR zilizokuwa Kenya, jina lilibadilishwa likawa Kenya Rifles 1963 lakini namba ikabaki. Kwa hiyo namba nayo ni sehemu ya nembo na ndiyo iliyoishi muda mrefu kuliko taji.

Halafu Mchora Nembo nisaidie, nimewahi kusoma kwamba kuna sheria ya rangi kwenye hizi nembo za kale, kwamba rangi haiwekwi juu ya rangi. Ni kweli?

Mchora Nembo

Ni kweli kaka, na ni sheria nzuri mpaka leo. Waligawanya rangi makundi mawili. Dhahabu na fedha, yaani njano na nyeupe, wanaziita metali. Nyekundu, bluu, kijani, nyeusi, zambarau ndio rangi. Metali iwekwe juu ya rangi au rangi juu ya metali, lakini si rangi juu ya rangi wala metali juu ya metali. Sababu si urembo, ni macho. Ngao ilitakiwa itambulike vitani kwenye vumbi, na bluu juu ya nyeusi kwa mbali inakuwa giza tupu.

Chukua bendera yako. Nyeusi, nyekundu, kijani, zote rangi. Zingegusana ingekuwa kosa, lakini kuna mistari myembamba ya nyeupe inazitenganisha. Nyeupe kwenu inamaanisha amani na hiyo maana ni ya kweli, ila pia inafanya kazi ya heraldi kimyakimya. Bendera yetu vilevile, kijani, nyeusi na bluu, na pembeni ya ile nyeusi kuna mistari miwili ya njano. Ifute ile njano kwenye simu yako halafu rudi nyuma hatua chache uangalie, utaona bendera inavyozimika. Kila mara nikiona mtu amechapisha tisheti au kibandiko akaiacha ile njano kwa sababu ni myembamba inasumbua kuchapa, nakasirika kabisa, maana hicho alichokiona kidogo ndicho kinachobeba bendera nzima.

Mjukuu wa Namtumbo

Aisee asanteni sana wote, shikamoo mzee wa Tabora. Nimeweka picha sasa. Ila nimechanganyikiwa kidogo, hiyo KAR ya sita ilikuwa kwenye hiyo divisheni ya kifaru? Maana beji ni 6 na kitambaa ni kifaru, na nimesikia ile ya sita ilienda Madagascar.

3KR Nakuru

Hapo naweza kukusaidia. Ya sita yenyewe hapana, hiyo ilipelekwa Madagascar 1942. Lakini vita vilipopanuka waliongeza batalioni nyingi, na namba za nyingi ukiangalia tarakimu ya mwisho inakupa nyumbani kwake. Divisheni ya 11 ilikuwa na 26 na 36 za Tanganyika, mama yao ni 6. Ilikuwa na 4, 34 na 44 za Uganda. Ilikuwa na 2 na 22 za Nyasaland, na 11 ya Kenya, na moja ya Rhodesia ya Kaskazini ambayo haikuwa KAR. Ya Kenya ndiyo imetoka nje ya utaratibu, sisi zetu za zamani ni 3 na 5. Kwa hiyo mtu wa Namtumbo mwenye 6 kofiani na kifaru begani, njia iliyo wazi zaidi ni kwamba aliingia Keya kupitia ya sita halafu akahamishiwa 26 au 36 kwenda Burma. Na ile nyota yenye utepe mwekundu, bluu na chungwa ni Burma Star, kwa hiyo bibi alikuwa sahihi.

Nyota hiyo usihangaike kutafuta jina la babu nyuma yake, za Mwingereza za vita ile zilitolewa bila jina. Ukitaka namba yake ya jeshi na batalioni tafuta cheti chake cha kuachia jeshi, waulize mashangazi, mara nyingi karatasi zilibaki kwa dada mkubwa.

Mchora Nembo

Nimeona picha, safi sana. Ya nyuma uliyopiga ndo imenifurahisha zaidi, umbo la mbele linaonekana kwa ndani limebonyea, hiyo imegongwa kwa chuma cha muhuri na si ya kumiminwa. Nyingi za kuigiza zinazouzwa mtandaoni ni za kumimina, nyuma ziko bapa zina vitundu vidogovidogo. Na ni shaba ya kweli, si ile alumini ya rangi ya dhahabu walioanza kutumia miaka ya 1950 ambayo haihitaji kung'arishwa.

Ila naona kwenye ile 6 na kwenye fundo la kamba mistari imeanza kupotea, babu inaonekana aliisugua sana kama walivyofundishwa. Tafadhali usiisugue tena na Brasso wala majivu wala ndimu. Ifute na kitambaa kikavu, iweke kwenye karatasi isiyo na wino, na kile kitambaa cha kifaru usikifue, wala hizo nyuzi za pembeni usizikate.